Chupa Iliyokataliwa Getini

Nikiwa darasa la sita nililifanya kanisa zima litubu, wala sikuhubiri hata neno moja. Nilitumia chupa tupu, majani ya mlimau na hasira za mtoto wa kike aliyeambiwa hapana mbele ya wenzake. Nimekaa na jambo hili kifuani miaka mingi. Wengi wa waliotubu siku ile wameshatangulia, na huko waliko bila shaka wameshaelezwa, kwa hiyo naona sasa naweza kulisema.

Tulikaa Kisumu, katika mtaa wa nyumba za kaunsili ya mji ambao ukitoka mlangoni ulifika soko la Kibuye kabla chai haijapoa. Mama alikuwa mshonaji. Baba alifanya kazi Nakuru, tukimwona mwisho wa mwezi. Miaka hiyo ya themanini lori la taka lilikuja lilipojisikia, kwa hiyo takataka zetu hazikuwa zikilingojea. Zilimngojea bwana wa mkokoteni.

Alikuja kila Jumamosi asubuhi, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likichoma, aliyehamia kwetu kutoka upande wa Murang'a na kujifunza Kijaluo cha kutosha kuamkia watu na kuwatukana. Sauti yake ilimtangulia: "Chuma mbovu! Chupa! Debe! Betri ya gari!" Hapo kila nyumba ilitoa vitu vyake na kuvipanga getini, naye akapita akivihukumu.

Kujua anachukua nini na anakataa nini lilikuwa somo gumu kuliko yote niliyofundishwa shuleni. Sufuria iliyotoboka aliipokea kwa furaha, akiigonga kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza. Magazeti alichukua yakiwa makavu, lakini siyo yaliyofungia samaki. Mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia ulikuwa na soko lake, maana wauza dagaa wa omena na mahindi waliutumia kupimia, ndio ile gorogoro. Uliobonyea chini aliuchukua pia, tena kwa tabasamu, na mama alisema tabasamu hilo ndilo lililotupunja omena sokoni. Viatu vya plastiki alivitaka vyote viwili, cha kushoto na cha kulia, ingawa sote tulijua vinakwenda kuyeyushwa. Mifupa, Jumamosi nyingine ndiyo, nyingine hapana, na hakuna aliyewahi kujua kwa nini. Mawe ya redio yaliyokwisha, zile betri ndogo, hakuyataka kabisa. Hayo tuliyapeleka shuleni tukayaponda, ule unga mweusi ukapakwa ubaoni. Mkebe wa dawa ya mbu aliukimbia. Mwalimu mmoja jirani yetu alimletea chungu cha kukojolea cha enameli, kizima, pamoja na kifuniko. Bwana wa mkokoteni alikiangalia kwa heshima, akachukua kifuniko, akaacha chungu.

Hakutoa pesa. Alikuwa na kisanduku cha mbao, na humo mlitoka kipande cha sabuni, sindano za kushonea, wembe, peremende, baluni. Watoto tuliishi kwa ajili ya kisanduku kile.

Lakini ufalme wake hasa ulikuwa chupa. Mtu wa siku hizi hawezi kuelewa chupa ilivyokuwa na cheo. Ukienda zahanati walikupa dawa ya kifua, chupa uje nayo. Muuza mafuta ya taa alikuchotea, chupa uje nayo. Mama wa maziwa aliyetoka Kisian alfajiri alikumiminia, chupa uje nayo. Kila nyumba ilikuwa na safu ya chupa, na safu hiyo ilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. Chupa ilianza maisha na juisi au sosi. Ikaenda kwa maji ya kunywa, ikashuka kwa maziwa, ikashuka kwa dawa, ikashuka kwa mafuta ya kupikia. Mwisho kabisa palikuwa na mafuta ya taa. Ikishaonja hayo imefika mwisho wa reli, haipandi tena kokote, itabaki hivyo mpaka ivunjike.

Kwa hiyo bwana wa mkokoteni alinusa. Kila chupa. Aliiinua, akafumba macho, akaiingiza pua yake mdomoni mwa chupa kadiri ilivyoingia, na sisi tukangoja. Safi iliingia ndani ya gunia. Iliyobeba mafuta ya taa ilirudishwa mikononi mwako hadharani.

Yangu ilirudishwa hadharani.

Ilikuwa chupa nzuri. Kioo kizito cheupe, shingo ndefu, na pembeni mwa mdomo imemeguka kidogo, pengo dogo kama la mtoto anayeng'oka meno. Ilikuwa imetutunzia mafuta ya taa miaka miwili, kisha mama akapata mtungi wa plastiki, chupa ikastaafu. Niliiosha, nikaitoa getini mbele ya watoto wote wa mtaa.

"Hii imekunywa mafuta ya taa," bwana wa mkokoteni alisema. "Rudisha kwa mama."

"Ilikuwa ya juisi," nikasema.

Akanusa tena, taratibu, kama mtu anayesoma barua. "Ilikuwa ya juisi, ndiyo. Hata mimi nilikuwa mtoto."

Watoto walicheka mpaka wakashikana. Nilirudi ndani masikio yakiwaka moto, na nikaapa kwamba pua ile nitaishinda hata kama itanichukua mpaka nimalize shule.

Niliitilia chupa majivu na mchanga, nikaitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Jumamosi akanusa, akairudisha. Nikaitia sabuni ya unga na maji moto. Akairudisha. Msichana mmoja darasani aliniambia udongo humeza harufu, nikaizika kichwa chini kando ya jiko juma zima. Akairudisha, na safari hii akaongeza neno: "Leo imepungua." Nikaijaza uji wa wimbi nikauacha uchache siku tatu. Mama akaingia jikoni, akavuta hewa, akauliza ni nani anayepika pombe nyumbani kwa Mkristo. Nilikula kofi moja. Jumamosi bwana wa mkokoteni alinusa, akasema, "Leo imerudi, tena imelewa." Alikuwa ameanza kuufurahia mchezo. Akawa kama mwalimu anayetoa maksi, nami mwanafunzi asiyejua kwamba mtihani hauna mwisho.

Ndipo nikapata akili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku hiyo zilikuwa zimesokotwa vizuri. Niliona shida si chupa, shida ni pua. Niliponda majani ya mlimau nikayachanganya na dawa ya meno, nikaisugua chupa ndani, nikaianika wazi juani siku mbili. Asubuhi ya Jumamosi nilijipaka majani yaleyale mikononi. Kisha nikapanga chupa tatu: ya kwanza ilikuwa ya dawa ya kuchua aliyoiacha baba, ile inayotoa machozi ukiwa chumba cha pili. Yangu niliiweka ya tatu.

Alinusa ya kwanza. Macho yakamjaa maji, akapiga chafya, akatukana kwa Kijaluo. Akanusa ya pili, sidhani aliona kitu. Akanusa ya tatu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Akanitazama. Nilikuwa nimejitia hamnazo, natazama kunguru juu ya paa.

"Haya," akasema, ikaingia guniani.

Nilipewa baluni nyekundu na sindano mbili. Baluni ilipasuka kabla ya chakula cha mchana, lakini nilicheka peke yangu siku tatu.

Sasa niwapeleke kanisani. Kanisa letu lilikuwa dogo, na kasisi alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, kwa hiyo Meza ya Bwana ilikuwa mara moja kila miezi miwili. Aliyeitunza meza hiyo, yaani kufua vitambaa, kung'arisha kikombe na kuleta divai, alikuwa bibi mmoja wa mtaani kwetu ambaye watoto tulimwita Dani, nyanya. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu kabla mimi sijazaliwa. Magoti yake yalipokataa kupigwa, wazee wa kanisa wakamchagua mama.

Naomba mwelewe jambo hili lilikuwa nini kwa mama. Alikuwa mtu wa Ahero, amekulia kwenye mashamba ya mpunga ambako mafuriko huingia nyumbani bila kubisha hodi. Wanawake wa kanisa la mjini walimwita "yule wa matope". Si mbele yake, lakini kwa sauti ya kutosha. Miaka yote hiyo hakuwahi kupewa hata chombo cha maua. Siku alipochaguliwa alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu bila kuweka kitambaa. Nilimwona akitabasamu na sindano ikipiga hewa.

Dani alikabidhi vitambaa. Alikabidhi kikombe na sahani. Chupa ya divai hakukabidhi.

"Chupa ni yangu," alisema. "Hiyo nilinunua na jasho yangu. Tafuta yako."

"Asante, Mama," mama akasema, akatoka. Siku hiyo alivunja sindano mbili za cherehani.

Divai ilitoka parokiani, ambako karani alikuwa na galoni kubwa na kila kanisa dogo lilikwenda kuchotewa. Nako pia, chupa uje nayo. Basi Ijumaa kabla ya siku yake ya kwanza mama alipitia Kibuye, kwa wanawake wanaotandaza chupa juu ya magunia, na hakutaka chupa yoyote ile. Alitaka yenye kioo cheupe na shingo ndefu, inayostahili. Akaipata. Akaenda nayo moja kwa moja parokiani, ikajazwa, ikazibwa kwa kizibo kipya, akaja nayo imefungwa kwenye leso kifuani.

Jumamosi asubuhi alifungua ile leso mezani ili nami nione. Nikaona lile pengo mdomoni, ambalo mama, aliyeizoea chupa ile ikiwa nyeusi kwa masizi nyuma ya jiko, hakulitambua.

Siku za mwizi ni arobaini, mimi hata thelathini sikufika. Nilijua siri moja kuhusu ile chupa ambayo mama hakuijua: ilikuwa imekunywa mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayaondoki. Yanajificha. Ukiacha chupa tupu na wazi yananyamaza kama maji mtungini, lakini ukiitia kitu, ukaiziba, ukaiweka ndani ya nyumba ya mabati, yanatoka yalikojificha. Na hii ilikuwa imejazwa tangu jana.

Kusema ilikuwa vigumu. Si kwa sababu ya kiboko tu. Ofisi ya parokia ingefunguliwa Jumatatu, kasisi alikuwa akija kesho, na ningemwambia mama kwamba kazi yake ya kwanza imeharibika na wale wanawake watapata la kusema hadi kiama. Kwa hiyo niliamua kuivunja. Chupa ikivunjika ni ajali, na ajali haina mwenyewe.

Nilijitolea kuihamisha kabatini. Mama akasema mikono yangu imetoboka, haishiki kitu. Nilijitolea kupangusa meza. Akaishika yeye mwenyewe nilipokuwa nikipangusa. Mwishowe nikafungua mlango wa nyuma nikamwingiza jogoo wa jirani, nikamkimbiza kuelekea mezani. Jogoo yule, mjinga wa kuzaliwa, aliruka juu ya meza, akaangusha birika, akaangusha mkasi, akaizunguka chupa kwa adabu kama aliyefundishwa Sunday school, akatoka dirishani. Mama alinitazama tu. Hakuuliza jogoo ameingiaje.

Jioni, nikiwa ninaosha vyombo, nilimwona kupitia mlangoni. Alikuwa amezibua chupa. Akainamisha uso, akakaa hivyo kidogo, akaziba tena. Kisha akaketi kwenye kigoda akiitazama, mikono mapajani, mpaka akaniita niwashe taa. Nilidhani anaomba.

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto ambao hatukuwa tumepokewa mezani tulikaa mbele kabisa, chini kwenye mkeka, na tuliona nyuso zote. Kasisi alihubiri juu ya kuila na kuinywa karamu ya Bwana isivyostahili. Alihubiri vikali, nadhani alikuwa na jambo lake. Alisema kikombe kile humjua anayekinywa, na kwamba mtu hujilia hukumu yake mwenyewe. Mama alikuwa kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani, mgongo umenyooka kama rula.

Wa kwanza kupiga magoti alikuwa bwana mmoja mwenye bucha, mwimbaji wa sauti ya nne. Alipiga funda. Nikaona nyusi zake zikipanda, zikakaa huko juu. Akameza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi mahali pake akitembea polepole sana. Aliyefuata alikuwa msichana mshona vikapu. Akanywa, akafumba macho, akakunja midomo. Aliyefuata, vilevile. Nilingoja mmoja atapike, au aseme, "Mayo, hii ni nini?" Hakuna aliyesema. Kila mmoja alipokuwa akirudi, nilimwona akiwachungulia wenzake, na wenzake walikuwa wametulia kwa sababu nao walikuwa wakijitahidi kutulia. Nikaelewa taratibu. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake. Kila mtu alidhani kikombe kimemjua.

Dani alisaidiwa kupiga magoti. Alikunywa, akatetemeka mabega. Mama alikunywa mwisho, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Katika dhehebu letu divai iliyobarikiwa haimwagwi wala hairudishwi. Inayobaki, kasisi huimaliza. Siku hiyo kanisa lilikuwa limekunywa vifunda vya woga, kwa hiyo ilibaki nyingi. Kasisi alikiinua kikombe mbele yetu akakinywa chote, na nilihesabu alivyomeza. Alipokishusha alisimama akiwa ameshika meza. Akacheua. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Ndugu zangu, nisameheni. Nimekuja madhabahuni leo nikiwa nimemtukana mke wangu kwa sababu ya shati."

Hapo ndipo bwawa lilipopasuka. Kwetu watu wa uamsho walikuwa wamezoea kukiri mbele ya wote, lakini hawakuwahi kukiri hivyo. Mwenye bucha alisimama kabla kasisi hajakaa. Alisema amekuwa akiwauzia watu nyama ya juzi na kuiita ya leo, akawataja waliouziwa, nao walikuwapo. Mshona vikapu alisema kuku wa jirani yake amekuwa akija kutaga chini ya kitanda chake tangu Pasaka, na hajawahi kurudisha yai hata moja, na mwezi uliopita amemla kuku mwenyewe. Jirani akapiga ukelele, "Yawa! Kumbe ni wewe?" Kisha akaanza kulia naye akasema amekuwa akimsingizia mtu mwingine. Mzee mmoja alisema hajawahi kufumba macho wakati wa maombi tangu abatizwe. Mimi nilikuwa nimeukamata mkeka kwa mikono miwili. Nilitaka kucheka mpaka mbavu ziliniuma, na nilikuwa na hofu ya kufa.

Kisha Dani akasimama, akishikwa na watu wawili.

"Mimi nilificha chupa ya Bwana," alisema. "Iko kwa kabati yangu, ndani nimeweka mafuta ya nywele. Nilitaka huyu mama aaibike mbele ya kasisi. Na lile jina, la matope, ni mimi nililianza. Ni mimi." Akageuka kumtafuta mama kwa macho yake yasiyoona vizuri. "Nyathina, mtoto wangu, nisamehe."

Aliteremka chini. Bibi yule ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa hata kwa Mungu, alipiga magoti kwenye saruji mbele ya mama yangu. Mama alimwinua haraka, akamkumbatia, akalia kwa sauti mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kanisa zima likaimba. Mimi niliacha kutaka kucheka.

Mchana ule, tukiwa tumekaa jikoni tukichambua mboga, nilimwambia mama yote. Majivu, uji, dawa ya kuchua, jogoo. Nilisema nikiwa nimefumba macho, nikingoja kofi. Kofi halikuja.

"Nilijua," mama akasema.

Nikafumbua macho.

"Jumamosi nilifungua nikanusa. Nikasema labda ni pua yangu. Nikanusa tena." Aliendelea kuchambua mboga, jani baada ya jani. "Si wewe uliyeipeleka mezani. Wewe ulidanganya mtu wa chupa. Mimi nilidanganya nani?"

"Tuwaambie?"

"Tukiwaambia, yule atarudisha kuku kwa nini? Na yule mzee wa nyama?" Akatupa jani bovu kando. "Na Dani. Alipiga magoti chini, mtoto wangu. Kwa sababu ya mafuta ya taa."

Hakula siku ile. Wala kesho yake. Alikaa kwenye cherehani akishona na kufumua mshono uleule.

Alhamisi saa kumi alasiri kulikuwa na ushirika wa nyumbani, kwa Dani, nyumba ya tatu kutoka yetu. Mama alinichukua. Chumba kilijaa watu ambao kwa siku nne walikuwa wameishi kama malaika. Mwenye bucha alikuwa amegawa nyama mpya. Mshona vikapu alikuwa amempelekea jirani yake kuku wawili. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakaeleza ulivyo wepesi moyo uliotua mzigo, na waliosahau kitu Jumapili walikiongeza. Mama peke yake hakusema. Nilianza kuona watu wakimtazama, kisha wakitazamana. Nilizijua nyuso zile. Ndizo zilizosema matope.

Kiongozi wa ushirika, mwanamke mpole ambaye upole wake uliogopesha, akasema, "Mama wa meza. Tumesema sisi wote. Wewe, kikombe hakikukuambia kitu?"

"Yawezekana yeye ni msafi kuliko sisi," mtu akasema nyuma.

"Kama aliyeshika meza hasemi, mwingine apewe kushika," akasema mwingine.

Mama akasimama. Aliweka mkono juu ya meza ya Dani, na nilipoona jinsi alivyouweka, vidole vyote vitano vimetandazwa, nilijua atasema kweli. Mama alikuwa amenyamaza tangu Jumamosi, lakini akiulizwa uso kwa uso hakuwa na uwezo wa kudanganya. Hata wateja aliwaambia nguo imewaharibu. Angesema mafuta ya taa. Kuku wangerudi kuwa kuku tu, na Dani angekaa pale kwenye kiti chake mbele ya wote akiwa mtu aliyepigishwa magoti na takataka. Na meza ingeondoka siku hiyohiyo.

Niliinuka kabla hajafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema. "Mama anasimama kwa sababu yangu. Nimekuwa nikiiba sukari nyumbani. Kila siku. Vijiko vitatu. Nikiulizwa, namsingizia paka."

Sikuwahi kuiba sukari. Kwetu sukari ilifungwa kwenye sanduku la cherehani, na hatukuwahi kufuga paka.

"Sifa kwa Bwana!" kiongozi akasema. "Nyumba imesema!" Wakaimba, wakanizunguka, wakanishika kichwa, mwenye bucha akiniombea kwa sauti ya nne. Katikati ya mikono yote hiyo nilimwona mama akiwa bado amesimama, mdomo umefunguka kidogo. Kisha akakaa. Dani alikuwa akinitazama na macho yake mabovu. Yeye aliishi nyumba ya tatu kutoka yetu na alijua kila mnyama wa mtaa ule kwa sauti yake. Chai ilipokuja, aliniita niketi karibu naye, akanitilia sukari mwenyewe, vijiko vinne.

Tulipotoka jua lilikuwa bado kali na watoto wa darasa letu walikuwa wakicheza njiani.

"Nilikuwa nasema," mama akasema.

"Najua."

"Ungeniacha niseme."

"Wangekunyang'anya meza."

Tulitembea hatua kadhaa, kisha akauchukua mkono wangu. Nilikuwa msichana mkubwa, na wenzangu walikuwa wameacha mpira wakitutazama. Sikuutoa.